Mkwe wa miaka minane: kisa cha familia moja na jina Walker

Usuli

Familia ya kisa hiki inaishi kaskazini mwa Uingereza. Mama ni Mtanzania, mzaliwa wa Tanga. Mumewe ni Mwingereza wa Yorkshire, na jina lake la ukoo ni Walker. Nalitaja jina hilo bila wasiwasi kwa kuwa ni miongoni mwa majina yaliyoenea zaidi nchini humo na haliwezi kumfichua mtu. Majina mengine yote, bonde, kanisa na tarehe za kumtambulisha yeyote nimeviondoa, na wenyewe wameridhia kisa kiandikwe.

Mimi ni mkalimani. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia Waswahili wenzangu waliooa au kuolewa huku kusoma nyaraka za upande wa pili wa familia: vyeti, sensa, vitabu vya kanisa. Hii haikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizofanya, lakini ndiyo iliyonifundisha zaidi, na sehemu ya fundisho hilo ilitokana na makosa yangu mwenyewe.

Ilianza na kazi ya shule. Binti yao wa miaka tisa aliambiwa aeleze jina lake la ukoo lilitoka wapi. Mama yake akanipigia simu jioni moja. "Shikamoo mjomba. Walker si ndiyo mtembeaji?" Nikaitikia marahaba, nikamwambia ndiyo. Sikufikiri hata dakika moja. Mtoto akachora mzee mwenye fimbo na mkoba begani, akaandika kwamba babu yake wa kale alikuwa msafiri wa miguu.

Siku mbili baadaye baba wa mtoto akashusha kutoka ukutani cheti chenye fremu alichonunua zamani kwenye kibanda cha kuuzia watalii. Kilikuwa na ngao ya rangi na maelezo kwamba Walker wa kwanza alikuwa ofisa wa mfalme aliyezungukia misitu. Nyumba moja ikawa na maana mbili, na mtoto hajui afuate ya nani. Simu ya pili ya mama yake ilinikuta nimekwisha kufungua kamusi ya majina, na nimeona kwamba sote tulikuwa tumekosea. Nikamwomba mwalimu, kupitia kwa mama, aongeze muda hadi mwisho wa muhula. Akakubali.

Jina lilikotoka

Walker halikutokana na kutembea kama tunavyokujua leo. Katika Kiingereza cha kale kitenzi *wealcan* kilikuwa na maana ya kuviringisha na kugeuzageuza, na *wealcere* alikuwa mtu anayekanyaga kitambaa cha sufu. Maana ya kwenda kwa miguu ilikuja baadaye ikaimeza ile ya kwanza. Neno likahama, jina likabaki pale pale.

Msomaji aliyezoea pamba anaweza kujiuliza kitambaa kinakanyagwa kwa nini. Sufu ikitoka kwenye mtande huwa legelege, ina matundu, na inanuka mafuta yaliyotiwa wakati wa kusokota. Upepo unapita, mvua inapita. Lakini unyoya wa kondoo una magamba madogo mno, na ukisuguliwa katika maji ya vuguvugu magamba hayo hushikana. Kitambaa hunywea, huwa kinene na kizito, kikaweza kumkinga mtu na baridi ya Yorkshire. Basi walikitia kwenye hori pamoja na maji, udongo mwororo unaofyonza mafuta, na mkojo uliokaa siku nyingi hadi ukatoa amonia. Mkojo huo ulikusanywa nyumba kwa nyumba. Halafu wanaume wakaingia humo miguu mitupu, wakakanyaga kwa saa nyingi.

Baada ya hapo kitambaa kilitandazwa nje kwenye fremu ndefu za mbao zenye kulabu, kikauke bila kujikunja. Kulabu hizo zimebaki hadi leo katika msemo wa Kiingereza wa mtu aliye roho juu, *on tenterhooks*, yaani yuko juu ya kulabu. Kisha kilichanwa kwa vichwa vya mimea yenye miiba ili manyoya yasimame, na fundi mwingine akayakata sawasawa kwa mkasi mkubwa. Huyo wa mkasi naye ameacha jina, Sherman. Mtia rangi ndiye Dyer au Lister. Mfumaji ndiye Webb, Webber, Weaver na Webster. Kipande kimoja cha kitambaa kimezaa nusu ya majina ya darasa la yule binti.

Sehemu iliyonisisimua zaidi ni ramani. Kazi hii moja ilikuwa na majina matatu. Kusini mashariki na mashariki mwa Uingereza mtu huyu aliitwa Fuller, neno lililotoka Kilatini. Kusini magharibi, Devon na Somerset, aliitwa Tucker. Mjini Exeter bado lipo jengo la chama cha mafundi hao, Tuckers Hall, la mwaka 1471. Kaskazini na magharibi ya kati ndiye Walker. Huko Wales kinu cha kazi hiyo huitwa *pandy*, na mji wa Tonypandy umebeba neno hilo. Katika nyanda za juu za Scotland wapo Wagaeli walioitwa mwana wa mkanyaga nguo kwa lugha yao, na walipoingia katika Kiingereza wakaandikwa Walker. Kwa hiyo jina halikutaja kazi tu. Lilitaja pia lahaja ya majirani waliomwita mtu huyo. Fuller na Walker wangeweza kusimama kwenye hori moja, tofauti yao ikawa tu upande wa nchi walikosimama.

Na yule ofisa wa msitu wa kwenye cheti? Walinzi wa misitu ya mfalme waliitwa hivyo kweli, lakini matumizi hayo yanajitokeza baadaye, majina mengi yakiwa yameshaganda. Ile ngao ndiyo haina msingi kabisa. Nchini Uingereza nembo hupewa mtu mmoja na kizazi chake, na taasisi ya nembo iliyoanzishwa mwaka 1484 haijui kitu kinachoitwa nembo ya jina. Walker ni watu wengi wasio na undugu, wamelipata jina mahali pengi kwa nyakati tofauti.

Kulitafsiri

Mtoto alitaka kuandika jina kwa Kiswahili pia, ili bibi yake wa Tanga asome. Hapo tukakaa simuni jioni nzima. Mtembeaji limekufa. Mkanyaga sufu ni sahihi lakini linasikika kama mtu aliyepita juu ya zulia la mwenzake.

Mama ndiye aliyekumbuka Biblia ya shuleni kwao. Katika Marko 9:3, mavazi ya Yesu yanapometameta mlimani, Kiingereza cha mwaka 1611 kinasema hakuna *fuller* duniani anayeweza kuyafanya meupe hivyo. Biblia ya Kiswahili ya Union imeandika dobi. Watafsiri walikuwa na shida ile ile tuliyokuwa nayo, wakachagua mtu ambaye msomaji wao anamjua. Lakini dobi anafua nguo iliyokwisha kuvaliwa, na mtu wetu anamalizia nguo ambayo haijawa nguo bado.

Nikasema kitenzi ndicho tukitazame, tuliache jina la mtu. Kufua kwa Kiswahili ni kupiga. Tunafua nguo, tunafua chuma, tunafua nazi. Mhunzi ni mfua chuma. Basi huyu ni mfua sufu kwa miguu, na ndivyo mtoto alivyoandika. Kwa mfua chuma na mfua sufu kukaa chini ya kitenzi kimoja, Kiswahili kiliwaweka pamoja Smith, yaani mhunzi, na Walker kwa namna ambayo Kiingereza chenyewe hakiwezi.

Karani wa kodi

Jina la kazi linakuwaje jina la ukoo? Kwetu pwani wapo watu wanaoitwa Nahodha ambao hawajawahi kushika usukani. Ni hatua ile ile. Mwanzoni ni namna ya kuwatofautisha akina Yohana wawili wa kijiji kimoja: Yohana wa kwa mfua sufu na Yohana wa kilimani. Halafu linakuja daftari.

Waingereza wengi walipata majina ya kurithi kati ya mwaka 1250 hivi na 1400, kaskazini wakichelewa kuliko kusini. Kwa West Riding, yaani upande wa magharibi wa Yorkshire, tumebahatika kuwa na orodha za kodi ya kichwa ya mwaka 1379. Wazee wetu waliijua kodi ya kichwa kwa jina hilo hilo, na karani aliyekuja na daftari. Mwaka ule kila aliyezidi miaka 16 alidaiwa, mume na mke wakihesabiwa pamoja. Mtu wa kawaida alilipa peni 4, fundi akalipa zaidi, na karani alipomtoza fundi kiwango cha juu aliandika kazi yake pembeni. Hapo ndipo orodha inapokuwa na thamani kubwa. Unaweza kumkuta mtu anayeitwa Walker na kazi yake ni hiyo hiyo, na mwingine anayeitwa Walker analipa peni 4 bila kazi yoyote kuandikwa. Wa pili anaonyesha kwamba jina limeshaanza kuachana na kazi.

Kuna jambo jingine. Vinu vya maji vya kufulia sufu, vyenye nyundo za mbao zinazoinuliwa na gurudumu, vinatajwa kwenye orodha ya mwaka 1185 ya mali za Templar, shirika la watawa wapiganaji, kimojawapo kikiwa Yorkshire. Kwa hiyo wengi walioandikwa Walker karibu miaka 200 baadaye yawezekana hawakuingia horini kamwe. Walisimama kando ya nyundo, wakigeuza kitambaa.

Kurudi nyuma, kizazi baada ya kizazi

Hadi hapo tulikuwa na historia ya jina. Historia ya mtoto ni kitu kingine, na baba yake aliitaka hiyo. Niliamua kuanza na mtoto na kurudi nyuma, nisianze na Walker yeyote wa mwaka 1379 na kushuka. Sababu ni rahisi: ukianza juu, kila Walker atakayetokea njiani atafanana na ndugu yako.

Babu wa mtoto, aliyezaliwa miaka ya 1950, alitoa cheti chake na cha baba yake. Sensa ya Uingereza hufungwa miaka 100, kwa hiyo ya karibu kabisa iliyo wazi ni ya 1921. Ile ya 1931 iliungua moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo huzibwa na daftari la raia lililoandikwa Septemba 1939, na humo tukamkuta baba yake babu akiwa mwanafunzi. Tukarudi nyuma kwa urahisi: 1921, 1911, 1901, hadi 1881. Wote bonde moja, wote kwenye viwanda vya sufu, huyu msokotaji, yule mtia rangi.

Kizazi cha sita kutoka kwa mtoto ni mwanamume aliyeoa miaka ya 1860. Cheti chake cha ndoa kina sehemu ya jina la baba na kazi yake. Pameandikwa Walker, na kazi: kinu cha kufulia sufu.

Niliposoma hivyo nilisimama kitini. Walker anayefua sufu, miaka 500 baada ya kodi ya kichwa! Usiku ule ule nikaandika barua ndefu kwa familia nzima kwamba jina na kazi vimetembea pamoja tangu zama za kati hadi zama za mvuke. Niliamini kila neno. Babu aliisoma barua hiyo kwa sauti mbele ya wageni.

Mkwe wa miaka minane

Cheti kimoja hakikutoshi ukitaka kusema jambo zito, kwa hiyo wiki iliyofuata nikatafuta sensa ya Machi 30, 1851. Sensa hiyo ndiyo ya kwanza nchini humo kuandika uhusiano wa kila mtu na mkuu wa nyumba. Ya mwaka 1841 inataja watu bila kusema nani ni nani kwa nani. Nikaipata nyumba. Baba, Walker, mfanyakazi wa kinu cha kufulia. Mke. Watoto wawili wadogo, mwana na binti. Na mvulana wetu, umri miaka 8, anatumia jina Walker. Kwenye safu ya uhusiano karani ameandika *son-in-law*.

Mkwe wa miaka minane.

Nilidhani karani amesinzia. Kisha nikakumbuka kwamba zama zile neno hilo lilitumika pia kwa mtoto wa kambo. Mvulana hakuwa mwana wa Walker. Alikuja na mama yake.

Nikaagiza cheti cha kuzaliwa kwa jina la mama kabla hajaolewa, jina nililolipata kwenye cheti chake cha ndoa cha mwishoni mwa miaka ya 1840. Kikaja. Nafasi ya baba ni mstari mtupu. Kitabu cha ubatizo cha kanisa, chenye fomu zilizochapishwa zilizoanza kutumika mwaka 1813, kina jina la mama peke yake, na pale panapotakiwa kazi ya baba mchungaji ameandika kwamba mama hana mume. Jina la mama huyo si la kazi. Ni la mahali, la shamba moja juu ya bonde, kama yalivyo majina mengi ya upande ule.

Kwa hiyo yule kijana, alipofika kwa msajili kuoa, alimtaja mtu aliyemlea. Sheria ya Uingereza haikumzuia wala haimzuii mtu leo: jina ni lile unalotumia na watu wakakujua nalo.

Nilifuatilia kidogo pia ukoo wa yule baba wa kambo. Unaenda hadi miaka ya 1740, na hapo kuna watoto watatu wenye jina moja waliobatizwa ndani ya miaka minne, bila jina la mama kuandikwa. Nikaacha. Kati yao na orodha ya 1379 kuna miaka zaidi ya 350 isiyo na daraja. Hata vitabu vya parokia vyenyewe vilianza tu mwaka 1538, kwa amri ya Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane.

Uamuzi

Sasa nilikuwa na barua yangu yenye furaha mikononi mwa watu, na ukweli mwingine mezani. Nilikuwa na njia tatu. Kunyamaza, kwa kuwa kazi ya shule ilikuwa juu ya jina, na maelezo ya jina yalikuwa sahihi. Kuandika barua nyingine kwa wote. Au kuzungumza na mtu mmoja kwanza.

Nilimweleza mama wa mtoto, tukakubaliana niende kwa babu. Yeye ndiye mkubwa aliye hai katika wenye jina hilo, na habari ya mzee wako huisikii kwenye kundi la simu pamoja na wajukuu. Nilikwenda kwake nikiwa na nakala zote nne. Nilianza kwa kumwambia kwamba barua niliyomwandikia ilikuwa na kosa, na kosa ni langu.

Alizitazama karatasi muda mrefu. Alichouliza kwanza ni jina la yule mama. Alikuwa hajawahi kulisikia. Kisha akauliza alifanya kazi gani, na hapo nikaweza kumjibu: sensa ya 1851 inasema alikuwa mng'oa mafundo. Ni kazi iliyofanywa zaidi na wanawake, ya kupekua kitambaa inchi kwa inchi kwa koleo dogo na kutoa mafundo na takataka kabla ya kazi nyingine kuendelea. Kazi ya sufu ilikuwa katika damu ya familia hii kweli. Ilipita kwa mwanamke ambaye jina lake halikuitaja.

Baba wa mtoto alipendekeza kipimo cha vinasaba. Nilimweleza kinachoweza kufanya: kromosomu Y hupita kutoka baba kwenda mwana, na ingeweza kuwaonyesha jamaa wa yule mwanamume asiyeandikwa. Pia nilimweleza kwamba ingeweza kubisha hodi kwenye nyumba ya watu wasiotarajia mgeni. Babu alikataa, na jambo likaishia hapo. Kipimo kingegusa mwili wake na ndugu zake, hivyo neno lake ndilo lililotosha.

Ugumu ambao sikuutarajia ulitoka Tanga. Baba yake mama, mzee wa Kiislamu, alisikia habari kwa simu akatulia, kisha akauliza mjukuu wake anabebaje jina la mtu asiye babu yake. Katika dini yetu mtoto wa kambo huitwa kwa jina la baba yake mzazi, na mlezi anabaki mlezi. Halikuwa swali la kupuuza. Binti yake alimjibu kwa mambo mawili. La kwanza, kwa hesabu ya Tanga mtoto ni fulani binti fulani, jina la baba yake mzazi, kisha la babu yake mzazi. Mnyororo huo haujakatika popote ambapo mtu yeyote aliye hai anaufikia.

La pili lilikuwa habari ya Jacob Wainwright, niliyokuwa nimemsimulia. Alikuwa Myao, alichukuliwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa, akasomeshwa katika misheni ya Nasik huko India, na huko ndiko alikopewa jina hilo. Wainwright ni jina la kazi la Kiingereza, mtengeneza magari ya kukokotwa. Mwaka 1872 alitumwa kujiunga na msafara wa Livingstone. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, Wainwright ndiye aliyesoma ibada na kuchonga maandishi kwenye mti, kisha akawa miongoni mwa walioubeba mwili hadi Bagamoyo. Aprili 18, 1874 alikuwa kati ya wachukuzi wa jeneza kanisani Westminster Abbey. Alifariki Urambo mwaka 1892. Njia ile yote hapakuwa na gurudumu; kila kitu kilikwenda kwa mabega ya watu. Jina la mtengeneza magari lilibebwa na mtu aliyetembea kwa miguu na maiti begani. Mzee wa Tanga alisema amemsikia. Hakusema zaidi, lakini alipompigia mjukuu wiki iliyofuata alimwomba amsomee kazi yake ya shule.

Matokeo

Binti aliwasilisha kazi mwishoni mwa muhula. Picha ya mzee mwenye fimbo ilitolewa. Badala yake kulikuwa na miguu miwili ndani ya hori na, upande wa pili wa karatasi, mwanamke aliyeinama juu ya kitambaa na koleo mkononi. Chini ya mwanamke huyo ameandika jina lake kamili. Cheti cha ngao kimehamia chumba cha stoo. Babu ameandika jina la yule mama kwa kalamu kwenye ukurasa wa mbele wa Biblia ya familia, juu ya majina yote yaliyokuwamo.

Uchambuzi

Kilichotusaidia zaidi ni kutenganisha maswali mawili ambayo watu huyauliza kama swali moja. Neno lilitoka wapi, hilo hujibiwa na kamusi, ramani na orodha za kodi. Limemfikiaje huyu mtoto, hilo hujibiwa na vyeti, kimoja baada ya kingine. Majibu yanaweza kuwa sahihi yote mawili na yasikutane. Nilipoandika ile barua niliyashona pamoja kwa uzi wa sentensi moja nzuri.

Na hata kama mvulana angekuwa mwana wa damu wa yule Walker, barua ingebaki na kosa. Bonde lile liliishi kwa sufu. Kumkuta Walker kwenye kinu cha kufulia mwaka 1851 ni kama kumkuta Nahodha akivua samaki Pangani: ni mji uliompa kazi, si jina. Ningepaswa kuuliza majirani zake wasioitwa Walker walikuwa wakifanya nini. Nilipokuja kuangalia, karibu ukurasa wote wa sensa ulikuwa sufu.

Cheti cha ndoa kilinidanganya kwa sababu nilikisoma kama shahidi, wakati ni maelezo ya mtu mwenye haya juu yake mwenyewe siku ya harusi. Msajili aliandika alichoambiwa. Cheti cha kuzaliwa, sensa na ubatizo viliandikwa na watu wengine kwa makusudi mengine, na vilipokutana kwenye jambo moja ndipo nikaamini. Tangu hapo sitoi kauli juu ya baba wa mtu wa karne ya 19 kwa hati moja, wala sitoi tafsiri ya jina kwa simu.

Kwenda kwa babu kwanza kulikuwa sawa, na ningefanya hivyo tena. Lakini nilikwenda nimechelewa. Kosa langu kubwa halikuwa lile la mtembeaji, wala la barua. Nilianza na makaratasi nikaacha wazee. Babu ana shangazi wa miaka 91, anaishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee mwendo wa nusu saa kutoka kwake. Siku nilipompelekea babu zile nakala alitaja, akiwa anaziweka bahashani, kwamba shangazi yake alizoea kusema wao si Walker wa kweli, na watoto walidhani ni utani. Hakuna aliyewahi kumuuliza alimaanisha nini. Mimi niliyelelewa nikiambiwa habari za nyumba huulizwa kwa mkubwa wa nyumba, nilikuwa nimepita mlango wake mara nne nikielekea kwenye hifadhi ya nyaraka.

Sasa ameulizwa. Mama wa mtoto ndiye aliyekwenda na simu ya kurekodia, akampelekea maandazi, wakakaa saa moja na nusu. Anakumbuka bibi yake alivyolitaja jina la yule mama kwa sauti ya chini jikoni. Na kwenye rekodi hiyo kuna majina mengine mawili, la mwanamume na la shamba, ambayo bado sijayaona kwenye karatasi yoyote.